Geti la Nne Liachwe Wazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Khamis, shikamoo. Mchungaji Lwitiko, uliyekibariki chakula kabla hakijaiva ili mpishi asipate kisingizio. Dada Zuhura, wakala wetu wa tiketi na mizigo, ambaye hakuna aliyeingia wala kutoka Guangzhou bila kupita mikononi mwake. Kina mama na kina baba mliofunga maduka mapema mkaja na vumbi la maboksi kwenye nguo. Mama Atupele, mke wangu. Na wewe Atupele, mwanangu, niliyekutaja mwisho kwa kufuata itifaki, ingawa kila neno lililomo humu ni lako.

Ninasoma kwa sababu nikisema bila karatasi huwa naamrisha. Mama yako ndiye aliyeniambia hivyo, na ushahidi anao. Hii ni barua yako, nimeiandika leo mchana. Ningeweza kukupa ukaisome ndani ya ndege, lakini wanaotajwa humu wamo chumbani humu, na si adabu kuwasema watu wakati wewe umeshapaa.

Kesho asubuhi unatakiwa uwe uwanja wa ndege wa Baiyun, urudi nyumbani ukaripoti chuo cha polisi. Chuo kile hakimngojei anayechelewa. Nafasi yake hupewa mwingine kabla ya jua kuzama. Hayo unayajua. Usilolijua, na ambalo baadhi ya walioketi hapa wanalijua, ni kwamba chakula hiki sikukiandaa kwa ajili ya kukuaga. Niliwaita watu hawa wanisaidie kukuzuia.

Kaa, mwanangu. Usisimame bado. Nitalieleza kwa utaratibu wake, na likimalizika utakuwa na haki ya kusimama.

Sitakuambia habari za sweta, wala dawa ya malaria, wala kutotupigia simu sisi wa huku usiku kwa kusahau tofauti ya saa. Mama yako ameshayasema, na shangazi zako watayarudia uwanja wa ndege kabla hujashusha begi. Mimi nataka kukuambia ninachokiogopa. Umri wote ulionijua umeniona mtu asiyeogopa, na hilo nalo nimekukosea.

Babu yako alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, mtu mpole, aliyekuwa akimwomba radhi hata mbwa aliyelala njiani. Niliona aibu kwa upole wake. Niliingia jeshini nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa, nikitafuta mahali ambapo hakuna anayeomba radhi, na nilipapata. Nikawa afisa. Nikapelekwa mpakani, kwenye tope na mbu, ambako ukisikia tawi limevunjika hujui kama ni mnyama au ni mtu mwenye bunduki. Kule ndiko nilikojifunza kuificha hofu ndani ya sauti. Sauti hii mnayoiazima kwenye misiba na harusi zetu, mnayosema ni ya kiongozi, ilijengwa kule, na aliyekuwa chini yake ni kijana aliyekuwa akihesabu saa zilizobaki kabla ya mapambazuko.

Nilikuwa Meja nilipoitwa na kuambiwa kwamba ninahamishiwa polisi, niwe mkubwa wa mkoa. Nililala mwanajeshi, nikaamka juu ya watu waliopanda ngazi ile kuanzia ukonstebo, wakilinda benki usiku na kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Walinipigia saluti safi. Wakanijibu "ndiyo afande" kwa namna ambayo sikujua kuisoma. Jeshini, neno lile maana yake ni kwamba jambo litafanyika. Kwao lilikuwa na maana nyingine pia: tumekusikia, na mzigo ni wako.

Sare niliyopewa ilikuwa kubwa. Nikaipeleka kwa fundi cherehani sokoni, jirani na kibanda cha vitenge cha mama yako. Aliitwa Fundi Yusufu. Alinipima huku pini zimemjaa mdomoni.

"Mabega haya bado yako jeshini, mkuu," akasema. "Polisi huwa wanainama kidogo."

"Wainame kwa nini?"

"Wanaongea na sisi wafupi."

Mama yako alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka. Nilisimama wima zaidi, naye akaishona sare ile kwa kufuata mabega niliyomletea.

Habari ya mkono wa mama yako unaijua. Umeisikia kwake, kwa maneno machache, kama anavyosema mambo yake yote. Kwangu hujaisikia. Isikie sasa.

Wafanyabiashara wa soko lile waliambiwa wahame, wakakataa. Wakakusanyika. Vijana wachache wakarusha mawe, kioo cha gari letu kikavunjika. Soko lilikuwa na mageti manne. Nilipanda juu ya gari nikatazama, na nilichokiona ni ramani ya darasani: eneo, ukingo, njia za kutokea. Nikaagiza mageti matatu yafungwe. Askari walinitii. Watu walipoona hivyo waliacha kupiga kelele, wakaanza kuelekea geti la nne, lile la upande wa stendi. Wengine walikuwa wameshafunga vibanda na kujitwika mizigo.

Mwanangu, walikuwa wanakwenda nyumbani. Niliwaona kwa macho yangu wanakwenda nyumbani. Lakini mimi nilifundishwa kwamba adui anayeachiwa njia ndiye atakayerudi kesho, na somo hilo nilikuwa nimefaulu vizuri. Nikaagiza na la nne lifungwe.

Hakuna aliyenibishia. "Ndiyo afande," wakasema, na geti la chuma likavutwa.

Waliokuwa mbele wakataka kusimama, waliokuwa nyuma hawakujua kwamba mbele hakuna njia. Kilichofuata kilikuwa kifupi, na hakikuwa na sauti niliyoitarajia. Hapakuwa na mayowe mengi. Palikuwa na mlio kama wa gunia linaloburutwa. Tulipolifungua geti, nilitazama chini nikaona viatu, viatu vingi, na nikawa bado nahesabu viatu dereva wangu aliponishika kiwiko, jambo ambalo dereva hamfanyii mkubwa wake. Akaniambia taratibu, "Afande, yule pale si mama Atupele?"

Alikuwa yeye. Mkono wake wa kulia ulikuwa umegeukia mahali ambapo mkono haugeuki. Wewe siku ile ulikuwa kwa bibi yako. Hatua chache kutoka kwake alikuwa Fundi Yusufu, na utepe wa kupimia shingoni. Yeye hakuinuka tena.

Hospitalini mama yako aliniuliza swali moja. "Ulituona tunakwenda nyumbani?"

"Niliwaona."

Akageuza uso ukutani. Hakuniuliza tena, siku ile wala baadaye.

Sasa sikiliza lililonitia hofu kuliko yote. Hakuna aliyeniadhibu. Taarifa ilisema hali ilidhibitiwa. Nikapongezwa, na baadaye nikapandishwa cheo. Nilihitaji fundi wa kushona alama mpya mabegani. Nikaipeleka sare mji mwingine kabisa, mahali ambapo hakuna aliyenijua, nikakaa kwenye benchi la fundi nimekunja mikono kama mwizi.

Sokoni, wanawake hawakutaka tena kukaa karibu na kibanda cha mama yako. Hawakumtukana. Walisogea tu, kila siku kidogo. Ndiyo sababu alianza kuja huku kununua nguo mwenyewe, kwa mkono mmoja unaonyanyuka na mwingine usiovuka bega. Nilipostaafu, tukamfuata mimi na wewe. Watu humu hunitania "Kamanda," nami huitika, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo haya.

Vijana wa mizigo mnanicheka pale bandarini Nansha kwa kuwa sikubali kontena lifungwe mpaka nimeingia na tochi hadi mwisho wake. Wapakiaji wa Kichina wameshanizoea. Wananiambia, "Mei you, laoban, mei you," wakimaanisha hakuna, bosi, hakuna mtu humo. Nami huingia vilevile. Mnafikiri ni ukali wa kazi. Ni kwamba siwezi kusikia mlango wa chuma unafungwa kabla sijajua nani yuko ndani.

Basi, Atupele, barua ya chuo ilipofika ukaiweka mezani ukiwa unatabasamu, nilitabasamu nawe, kisha nikaenda kufungua bomba la bafuni ili msinisikie.

Naogopa risasi, kama mzazi yeyote. Naogopa barabara za doria, na simu itakayolia kwa namba ya nyumbani saa isiyo yake. Lakini hizo ni hofu ninazoweza kuzitaja hata mbele ya wageni. Iliyo chini yake ni hii: naogopa kwamba utakuwa hodari. Wewe tangu utotoni hufanyi kitu nusunusu. Utafundishwa, utafaulu, utapewa amri mbaya na mtu mwenye sauti nzuri kama yangu, na utaitekeleza vizuri sana.

Na naogopa jina. Utavaa sare, na kifuani mwako litaandikwa jina langu. Siku moja mama mmoja mwenye mzigo kichwani atalisoma, atakutazama usoni, atatafuta mfanano. Hutajua umekosa nini. Nimekaa na picha hiyo kila siku tangu barua ile ifike, na sina dawa yake.

Mtu mwenye hofu hurudi kwenye alichofundishwa kwanza. Nami nikafanya hivyo.

Nilianza kwa Mzee Khamis. Mwenyekiti, nisamehe kwa kulisema hadharani. Nilikuomba umweleze Atupele kwamba jumuiya haina mkalimani mwingine anayeaminika, na kwamba akiondoka wazee watapotea mahospitalini. Ulisema, "Maneno hayo ni kweli, Baba Atupele, lakini si sababu yako ya kweli." Hata hivyo ukakubali, kwa kunistahi.

Nikaenda kwa Mchungaji, nikamwomba azungumze nawe habari za wito, na kwamba wito waweza kuwa hapahapa. Mchungaji akakubali kwa moyo mweupe, kwani sikumwambia sababu yangu.

Kisha Dada Zuhura. Kwanza nilimwomba akupe kazi ya kusimamia mizigo yake bandarini Huangpu. Ulipoikataa, nilimwomba jambo baya zaidi. Nafasi yako ya ndege ya kesho imeshikwa kwa jina lako, lakini haijathibitishwa. Ikipita usiku huu bila kuthibitishwa, itaachiwa, na ndege inayofuata yenye nafasi itakufikisha chuo kimeshafunga mapokezi. Unakumbuka umekuwa ukimuuliza, naye akikujibu, "Kesho, mdogo wangu, mtandao unasumbua." Maneno hayo ni yangu. Yeye aliniambia, "Kamanda, mtandao? Katika mji huu? Mtoto huyu amesoma hapa, ataniona mwendawazimu." Nikamwambia aseme hivyohivyo. Akasema ndiyo.

Mwanangu, nilipoisikia ile ndiyo ilipaswa nishtuke. Sikushtuka.

Leo mchana nilirudi nyumbani kwa ajili ya mtu wa mwisho. Mama yako alikuwa akikunja nguo zako, akibana shati kwa kidevu kama anavyofanya. Nikamwomba akuambie kwamba mkono wake umezidi kuuma na kwamba hawezi kubaki bila wewe.

Hakuacha kukunja. "Baba Atupele," akasema, "mkono wangu hauumi kwa amri."

"Ni kwa faida yake."

"Umeshawaendea wangapi?"

Nikamtajia. Mwenyekiti, Mchungaji, Zuhura.

"Hao ni watatu," akasema. Akaliweka shati kitandani, akalinyoosha kola. "Na geti la nne ni mimi."

Nilisimama mlangoni nikiwa nimeushika mpini, na nikagundua kwamba hata mlango ule wa chumba nilikuwa nimeuziba kwa mwili wangu. Nikasogea. Mama yako akapita na begi lako, nami nikaenda ofisini nikakaa, nikaandika haya mnayoyasikia.

Nilipokuwa naandika nilikumbuka siku ile tulipokuwa kwenye metro tukitoka Baiyun kumpeleka mgeni. Nilikuuliza kwa nini usiombe cheo cha moja kwa moja, wewe mwenye shahada na Kichina. Ukaniambia, "Wewe uliingia kwa juu, baba. Mimi nataka niingie kwa chini, nizijue ngazi." Nilikasirika. Nilidhani unanidharau. Sasa naona ulikuwa unaniambia kwamba umeyatazama maisha yangu kwa makini kuliko nilivyoyatazama mimi.

Nikakumbuka pia siku ya viatu. Mhusika yumo humu, na kwa kuwa anaangalia viatu vyake sitamtaja. Alikuwa ameletewa katoni nzima ya viatu vya mguu wa kushoto. Alikwenda dukani kwa laoban aliyemuuzia, akasimama mlangoni, akatanua mikono, akaapa kwamba hatoki mtu. Laoban naye akawa anapiga meza na kusema mei you, hakuna kosa, hakuna kosa. Ukaitwa utafsiri. Nilidhani utaanza na maneno. Wewe ulianza na mlango. Ulimwambia mwenzetu, "Kaka, sogea hapo kwanza. Mtu aliyezibiwa mlango hawezi kukubali kosa hata akiliona." Akasogea akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wanawaamrisha wakubwa. Laoban akatoka nje, akavuta sigara, akarudi, akauliza miguu ya kulia inatakiwa mingapi.

Watu walicheka. Mimi nilikwenda kusimama kwenye ngazi. Nililipia somo hilo kwa mkono wa mama yako na uhai wa Fundi Yusufu, na wewe ulikuwa nalo tayari, sijui ulilitoa wapi. Labda ulilisoma kwenye mkono ule, kila ulipomsaidia kuvaa kanzu.

Kwa hiyo nina machache ya kukuusia. Ukiwa umesimama juu ya kitu na watu wako chini, shuka kwanza ndipo uamue. Ukiambiwa ndiyo afande upesi mno, mwulize aliyekujibu angefanyaje yeye, kisha nyamaza mpaka aseme. Watu wakianza kuondoka, waache waondoke. Asiyejua kuwaachia watu waende nyumbani hajui kazi ile ni ya nini. Na yule mama mwenye mzigo atakapolisoma jina kifuani mwako, usinitetee. Mwambie wewe ni mtoto wangu, kisha umsikilize mpaka amalize. Hilo mimi sikuweza kulifanya. Sijawahi kwenda kwa mke wa Fundi Yusufu. Ukipata likizo na ukaona moyo wako unaweza, pita. Usipoweza, usijilaumu, kwani deni hilo si lako, na mimi bado nina miguu.

Hofu yangu haijaondoka. Nasema hivyo ili usidhani kwamba nimeandika mpaka nikatulia. Kesho ndege ikipaa nitakuwa nimeshika chuma fulani uwanjani, na nitaendelea kukishika kwa miaka. Lakini hofu ya baba ni mzigo wa baba. Nikikufungia ndani kwa sababu yake, nitakuwa nimefunga geti lilelile mara ya pili, na safari hii sitaweza kusema kwamba sikujua.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninahitimisha kwa uamuzi, ambao mimi na mama yake tumeufikia leo na ambao hautatimia bila ninyi.

Maombi yote niliyowaletea kuhusu mtoto huyu nimeyafuta. Mzee Khamis, kama kuna neno ulilopanga kumwambia usiku huu kwa ajili yangu, naomba umwambie badala yake lile unaloliamini. Mchungaji, vivyo hivyo. Dada Zuhura, toa simu yako, uthibitishe tiketi sasa hivi hapo ulipo, mbele ya watu hawa, kabla sahani ya kwanza haijaletwa. Mtandao hausumbui.

Desturi yetu hapa ni kumzunguka msafiri na kumwekea mikono tukimwombea dua, Waislamu na Wakristo pamoja, duara lililofungwa kabisa hata upepo usipite. Usiku huu naomba tulivunje. Tusimame pande tatu tu. Mama Atupele atasimama upande wa kulia, aweke mkono wake mahali unapofika. Mimi nitakaa nyuma kabisa, mgongo ukutani. Upande wa nne, ule wa mlango, asisimame mtu.

Atupele, sasa simama.

Na ninyi mlioketi karibu na mlango, tafadhali sogezeni viti.